Jina la Pili kwenye Karatasi ya Kura

Saint-Alcide, Maine
20 Juni 1976

Mpendwa mdogo wangu Rosaire,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu Lorraine na kwa watoto. Mimi ni mzima isipokuwa goti, na goti nalo limeshazoea kulalamika. Viazi vimechipua vizuri, mvua imekuja kwa adabu mwaka huu. Padre anakusalimu, anauliza kama huko Connecticut mnasali au mnafanya kazi tu.

Sasa kaa chini. Lorraine naye mpe kiti. Nagombea umakamu wa rais wa Marekani.

Usicheke kwanza, nikueleze. Jumatano nilikuwa kwenye ghala la viazi nafagia, akaingia bwana mmoja mrefu, mwembamba, kofia mkononi. Anaitwa Merle Tibbetts, daktari wa mifugo kutoka huko chini, karibu na pwani. Anagombea urais. Hana chama, ni mgombea binafsi, anazunguka na gari lake mwenyewe kukusanya saini. Nikamuuliza kilichomtoa kwenye ng'ombe wake, akasema ni hili bwawa wanalotaka kujenga hapa kwetu. Kampuni ya umeme ikiruhusiwa kuziba mto huu, anasema, itaziba kila mto wenye watu wasio na wakili.

Nikatia saini hapo hapo. Wewe hujaiona ramani yao, Rosaire. Maji yanaanzia darajani na yanapita juu ya msalaba wa kanisa. Shamba la baba linakwenda lote, na makaburi, na marehemu mume wangu Adélard humo ndani.

Nikamkaribisha jikoni, nikampikia chapati zetu za ployes na kahawa. Alipokula ya nne ndipo akapata ujasiri.

"Bi Soucy," akasema, "sheria inanitaka niwe na mgombea mwenza kabla ya Ijumaa. Nahitaji jina tu. Nikipata mtu mkubwa baadaye, nitalibadilisha."

"Jina la mtu wa namna gani?"

"Yeyote aliyezaliwa nchini na mwenye umri wa kutosha."

"Mimi nimezaliwa chumba hicho hapo juu," nikamwambia, "na umri unatosha na kubaki."

Akacheka. Nikamwambia, "Lakini Daktari, jina langu halitembei peke yake. Likienda, nami naenda." Akaona ni utani, akamalizia kahawa, nikaandika jina langu chini ya lake.

Niambie unaonaje. Na usimwambie Lorraine apige simu, maana majirani ninaochangia nao laini moja ya simu wanasikiliza kuliko wanavyosali.

Ni mimi dada yako,
Fernande

*

Bristol, Connecticut
6 Julai 1976

Kwa dada Fernande,

Tumeipata barua yako tukiwa wazima wote, isipokuwa mtoto mdogo aliyeungua kidole kwa fataki za sikukuu. Goti lipake mafuta ya dubu kama alivyokuwa akifanya mama, uache ubishi.

Lorraine aliisoma barua yako kwa sauti mezani. Alipofika kwenye umakamu wa rais alirudi nyuma akaanza upya, akidhani ameruka ukurasa. Kosa langu ni kwamba niliisimulia kiwandani. Siku hizi siitwi tena Lizotte. Naitwa Mjomba wa Taifa. Nikichelewa kidogo kwenye mashine msimamizi ananiambia, "Mheshimiwa Mjomba, tusamehe, hatukujua una kikao." Kuna mmoja Mpoland ameshaomba ubalozi wa Warsaw, anataka pia mkewe asijue.

Nacheka nao, dada, lakini nikueleze ukweli. Chama chetu cha wafanyakazi kimeamua upande wake mwaka huu na upande huo si wenu. Wananiambia kila kura mtakayookota nyinyi imetoka mfukoni mwetu. Basi liwe jina tu, kama alivyosema huyo daktari. Akipata mtu wake mkubwa, mwachie, nasi tutapata hadithi ya kusimulia Krismasi.

Jambo jingine. Bwana mmoja wa kampuni ya umeme amenipigia simu mara mbili kuhusu shamba, kwa kuwa nusu ni yangu. Ana sauti ya upole. Nimemwambia nitafikiri.

Kula vizuri. Usiendeshe lile basi lako la shule goti likiwa limevimba.

Mdogo wako,
Rosaire

*

Saint-Alcide
15 Agosti 1976

Mpendwa Rosaire,

Habari za joto la huko? Hapa tunaenda vizuri, viazi vimetoa maua na vimeyaangusha. Mtoto kidole kimepona? Mwambie shangazi yake alishawahi kuunguza banda zima, na bado wanataka kumpa nchi.

Yule mtu mkubwa amepatikana. Anaitwa Winslow Haskell, mwenye viwanda vya karatasi. Jana Tibbetts alikuja hapa kwa gari refu lenye dereva, si lile lake lililokuwa linanuka dawa ya kwato. Suti mpya. Hakuvua kofia mpaka nilipoitazama.

Akaweka karatasi mezani. Inasema mimi, Fernande Lizotte Soucy, najitoa kwa hiari yangu.

"Bwana Haskell ametupa ndege," akasema. "Tutaingia majimbo mengine manne. Watu watatusikia, Bi Soucy."

"Watasikia nini kuhusu bwawa?"

Akaanza kukoroga kahawa. Hakutia sukari, Rosaire, alikuwa anakoroga tu.

"Bwawa tutalizungumza baada ya uchaguzi."

"Baada ya uchaguzi tutazungumza habari za samaki."

"Bwana Haskell ana marafiki kwenye kampuni ile. Ametuomba tunyamaze kwa sasa. Ni kwa sasa tu."

Nikamuuliza, "Daktari, ulishawahi kumzalisha ng'ombe, ndama akiwa nusu nje, ukaenda kunywa chai?"

Akawa mwekundu hadi masikioni. Nadhani ni mtu mwema, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mbaya ningemfukuza na ufagio nikalala vizuri.

"Ulijua tangu mwanzo kwamba ni jina tu," akasema.

"Nawe nilikuambia tangu mwanzo kwamba halitembei peke yake."

Nikamrudishia karatasi yake bila saini. Bila saini yangu hawezi kuweka mwingine, amekiri mwenyewe. Akaniomba nifikirie maslahi ya nchi. Nikamwambia nchi ninayoijua mimi inaanzia kwenye daraja lile na inaishia pale ambapo barabara yangu ya basi inageuka, na ndiyo hiyo hiyo anayotaka kuizamisha. Akaondoka. Dereva wake, kumbe ni kijana wa huku kwetu Frenchville, alichungulia mlango wa jikoni akaninong'oneza kwa Kifaransa, "Kaa hapo hapo, mama."

Nakaa hapo hapo.

Dada yako,
Fernande

*

Bristol
29 Agosti 1976

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Sisi tupo.

Nitasema moja kwa moja. Tia saini. Mwite huyo daktari, mwombe karatasi yake, tia saini, umalize. Mtu ambaye hakutaki kwenye gari lake, wewe unang'ang'ania kiti cha nini? Hamtashinda. Hata mkishinda kura za kila mtu anayekula ployes duniani, hamtashinda. Utachekwa, na ukimaliza kuchekwa, bwawa litajengwa vile vile.

Nami nimetia saini yangu. Wiki iliyopita yule bwana wa kampuni alikuja hapa nyumbani. Nimekubali kuwauzia nusu yangu ya shamba. Mkataba unasema watalipa siku bwawa litakapopitishwa, na kwa bei ambayo hakuna mkulima wa huko atakayenipa maishani. Nakueleza mwenyewe ili usisikie kwa watu.

Usiniandikie habari za baba. Baba alinipenda, lakini shamba alikuwa akikuonyesha wewe. Nimekaa ghorofa ya tatu ya nyumba ya mtu miaka kumi na minane. Nabeba mkaa, nabeba mboga, nabeba watoto waliolala. Lorraine anaanika nguo kwenye kamba inayopita juu ya uchafu wa watu wengine. Nataka mlango mmoja duniani ambao nikiufunga umefungwa. Sirudi huko kulima, dada, unajua hilo, nami najua unajua. Wewe mto huo unauona kila asubuhi. Mimi nauona nikilala, na nikiamka bado kodi inadaiwa.

Basi usinilazimishe kuchagua kati ya dada na nyumba, maana nimeshachagua, na sikulala vizuri.

Mdogo wako,
Rosaire

*

Saint-Alcide
3 Oktoba 1976

Rosaire, mdogo wangu,

Nakusalimu. Lorraine na watoto nawasalimu pia, mmoja mmoja. Mimi mzima. Goti limekubali yaishe.

Nimechelewa kukujibu. Mwanzo nilichelewa kwa hasira, halafu mavuno yakaanza nikachelewa kwa viazi. Ukiinama kwenye matuta kutwa nzima huku mashine inafukua mbele yako, hasira inachoka kabla ya mgongo. Kwa hiyo naandika bila hasira, au nikiwa na kidogo tu ya kunipasha moto.

Nusu yako ni yako. Sitakuita msaliti na sitaruhusu mtu akuite hivyo mbele yangu. Jirani yetu Onésime alijaribu, alirudi nyumbani na matope kwenye kofia. Ningekuwa ghorofa ya tatu miaka hiyo yote labda ningeuza na kengele za kanisa. Lakini nusu nyingine ni yangu, na hiyo wataizamisha nikiwa nimesimama juu yake nimevaa viatu vya mvua.

Sasa habari zangu. Tibbetts amechapisha mabango yenye uso wake peke yake. Haskell kachukua ndege yake kaondoka, maana bila jina lake kwenye karatasi hakuona sababu ya kulipa mafuta. Sasa daktari anazunguka tena na gari lake la dawa za kwato, na simu zangu hapokei. Basi nimeamua kugombea bila yeye. Nimepaka rangi mlango wa nyuma wa pikapu: SOUCY, MAKAMU WA RAIS. Herufi zimeenda upande kidogo. Jumapili baada ya misa naenda kijiji kimoja, Jumamosi kingine, nasimama kwenye maghala ya viazi na kumbi za kanisa.

Na basi la shule wamelichukua. Léonce Bouchard, mwenyekiti wa bodi ya shule, aliniita ofisini. Alikuwa na wajumbe wake wawili, wote wanatazama dirishani.

"Fernande," akasema, "wazazi wanalalamika. Siasa na watoto haviendi pamoja."

"Mzazi gani?"

"Siwezi kutaja."

"Shemeji yako anayepima ardhi kwa ajili ya kampuni ana watoto wangapi siku hizi, Léonce?"

Akasema nichague, basi au kampeni. Nimewaendesha watoto wa kijiji hiki tangu Adélard alipofariki, kwenye barafu, kwenye tope, na hakuna hata mmoja aliyewahi kudondosha jino. Niliweka ufunguo mezani kwake. Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya posta, nakwambia wewe tu, kisha nikanunua rangi ya pikapu.

Ukumbi wa kwanza ulikuwa wetu, chini ya kanisa. Nilikuwa nimeandaa hotuba kwa Kiingereza, kama inavyostahili kwa mambo ya serikali. Nikasema sentensi mbili, nikakwama. Nilimwona mwalimu wetu Miss Farnham, Rosaire. Si yeye mwenyewe, alishakufa, lakini niliona ile fimbo yake ya kuonyeshea ubaoni, na wewe na mimi tumesimamishwa pembeni uso ukutani kwa sababu tulisema Kifaransa uwanjani. Nina miaka hamsini na nne na bado nilikuwa nasubiri ruhusa yake.

Nikaikunja ile hotuba. Nikasema kwa Kifaransa, "Jioni njema. Wote mnanijua." Nikaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Niliwaambia walitufundisha shuleni kwamba lugha yetu ni aibu, na sasa wanatuambia bonde letu ni shimo linalosubiri maji. Niliwaambia mimi sina hakika ya mambo mengi ya Washington, ila nina hakika kwamba mtu anayetaka kuizamisha nyumba yangu anishinde kwanza kwenye karatasi ya kura, jina langu likiwa limeandikwa hapo.

Onésime akauliza kutoka nyuma, "Fernande, ukiwa makamu wa rais, nani ataendesha basi?"

"Basi wameshalichukua, Onésime. Nimebaki na nchi."

Walicheka mpaka Padre akateremka kuona kuna nini. Akakaa.

Hujachelewa kuniandikia. Nami si kwamba nakusamehe, maana hukuomba. Nakuambia tu kwamba kitanda chako bado kina shuka.

Dada yako,
Fernande

*

Bristol
3 Novemba 1976

Mpendwa dada Fernande,

Nakuamkia. Nakuandikia kwenye meza ya jikoni, nimeomba ruhusa kiwandani ya nusu siku, nikawaambia ni mambo ya familia. Watoto wazima. Lorraine yupo hapa, ananitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa.

Barua yako ya Oktoba sikuijibu. Nilianza mara nyingi. Kila nikifika kwa Miss Farnham nasimama. Sikuwahi kuwaambia watoto wangu jambo lile, dada. Wangu hawajui Kifaransa hata cha kuomba maji. Nilifikiri nawapunguzia mzigo.

Jana nilikwenda kupiga kura na watu wa zamu yangu, wote pamoja, kama chama cha wafanyakazi kinavyopenda. Unajua hapa tunapigia kwenye mashine, unavuta pazia na kushusha vijiti. Jina lenu halipo katika jimbo hili, nilijua hivyo. Nilisimama humo ndani, mkono uko kwenye kijiti cha chama chetu, nao ukakataa kushuka. Juu kabisa kuna kijidirisha cha bati, ukitaka mtu ambaye hayumo unakifungua na kuandika jina kwa mkono. Kilikuwa kimekwama. Nilihangaika nacho mpaka mama msimamizi akaja kusimama nje ya pazia.

"Bwana, kuna tatizo?"

"Dirisha la kuandikia halifunguki."

"Unataka kumwandika nani? Kama hajasajiliwa hapa, kura hiyo haihesabiwi."

"Najua."

"Sasa ya nini, bwana? Foleni ni ndefu."

Yule Mpoland alikuwa nyuma yangu, akamwambia, "Mwache, mama. Huyo ni Mjomba wa Taifa, anamwandika dada yake." Alisema kwa utani, lakini hakuna aliyecheka, sijui kwa nini. Yule mama akaleta bisibisi, akaingiza mkono chini ya pazia akanipa.

Nikalifungua. Nikaandika Tibbetts kwa herufi ndogo kwa sababu ni lazima, na chini yake nikaandika Fernande Lizotte Soucy, yote, mpaka nafasi ikaisha. Kisha nikavuta kijiti kikubwa na pazia likafunguka.

Jioni nilimwambia Lorraine. Aliweka chini shati alilokuwa anakunja. Akasema, "Umepiga kura kupinga nyumba yetu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Angalau ungeniuliza." Yuko sahihi. Akaendelea kukunja nguo, na baada ya muda akaniuliza neno la Kifaransa la shuka, akalirudia vibaya, akaniambia nimwelekeze tena.

Mkataba siwezi kuurudisha, nimewapigia simu leo asubuhi na yule bwana sauti yake si ya upole tena. Bwawa likipita, wameipata nusu yangu. Kwa hiyo nawe usiliruhusu lipite.

Mdogo wako,
Rosaire

*

Saint-Alcide
14 Novemba 1976

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele, na kwa Lorraine salamu za pekee. Mwambie neno ni *drap*, na likimshinda aje nimfundishe kwa kutandika. Theluji ya kwanza imeanguka, haikukaa. Mimi mzima kabisa.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama posta, na mwenye posta akajifanya anapanga stempu. Niliikunja. Nimeiweka.

Matokeo. Tumeshindwa, kama ulivyotabiri, na tumeshindwa vibaya. Katika jimbo zima kura zetu zingetosha kujaza viti vya sinema mbili tatu. Magazeti ya Bangor yametutaja kwenye mstari wa mwisho, na jina langu wamelikosea. Lakini bondeni, Rosaire, vijiji vyote vilivyo chini ya mstari wa maji, tumewashinda wale wawili wakubwa hata ukiwajumlisha. Hapa Saint-Alcide hata upande wa Léonce ulishindwa kwenye kituo alichokisimamia mwenyewe. Alisoma hesabu kwa sauti kama mtu anayesoma cheti chake cha kifo.

Nilipoingia kupiga kura niliishika ile karatasi muda mrefu. Niliona jina lake, na chini yake jina langu, na jina la baba yetu katikati ya jina langu, limechapwa na serikali ya Marekani. Nikatia alama yangu polepole. Hakukuwa na haraka yoyote.

Wiki iliyopita mjumbe wa jimbo letu bungeni, ambaye miaka yote barua zetu hazijibu, alipiga simu mwenyewe. Anataka kuitisha mkutano wa hadhara kuhusu bwawa kabla kibali hakijatoka. Anataka ufanyike hapa, ukumbi wa chini ya kanisa, na aliniuliza kwa adabu sana kama watu wangependa kuzungumza kwa Kiingereza. Nimemwambia alete mkalimani. Sikuahidiwa kitu. Kampuni ina pesa na ina subira. Lakini mwaka jana hawakuhitaji kutuuliza, na sasa watakuja kuuliza, na viti tutawapangia sisi.

Tibbetts naye alikuja. Gari lake lile lile, kofia mkononi. Alisimama mlangoni mvua inamnyeshea.

"Bi Soucy, zile kura zote ni zako."

"Ingia, Daktari, kahawa inapoa."

Alikula ployes zake. Hakuomba radhi kwa maneno. Alikwenda bandani akanitazamia ng'ombe anayechechemea, akamtibu, akakataa malipo. Nimeona inatosha. Atakuja kuzungumza kwenye mkutano, lakini nimemwambia safari hii atatanguliwa na mimi.

La mwisho, kisha nikapike. Basi langu amepewa mpwa wa Léonce. Ameshalitia mtaroni, watoto hawakuumia, asante Mungu, lakini Cécile wa posta alimshusha mwanawe na kumtembeza nyumbani kwa miguu. Jioni ile wanawake saba walikuwa jikoni kwangu. Machi kijiji kinachagua bodi mpya ya shule, na kiti cha Léonce kinagombewa. Wameniuliza kama ningekubali kuweka jina.

Nimewauliza jina la wapi, la kwanza au la pili. Wakasema hakuna la pili, bodi ya shule haina mgombea mwenza.

Nimekubali. Njoo Machi na Lorraine na watoto. Barabara itakuwa tope, lakini nitawapokea na pikapu. Ile rangi ya mlango wa nyuma nimeibadilisha, na herufi safari hii zimenyooka.

Dada yako mkubwa,
Fernande